Mama Magamba na Boya Jekundu

Jambo ambalo wageni wa kiangazi hawakuliamini hata uwaapie ni kwamba katika mji ule wa wavuvi, ambako kila nyumba ilinuka samaki na kila mwanamume alikuwa na mafuta ya injini chini ya kucha, karibu hakuna mtu aliyejua kuogelea. Nahodha, aliyeanza kwenda baharini kabla hajaota ndevu, alikuwa hajui. Mdogo wake alikuwa hajui. Fundi wao wa injini alikuwa akioga kwa kopo, na hata hilo kopo alilitazama kwanza. Ukiwauliza kulikoni, wanakucheka. "Bahari ni kazini," wanakwambia. "Umemwona nani anakwenda kujilaza kazini kwake siku ya mapumziko?"

Ila usiwadharau. Walichokuwa wakikijua wao ni kumtoa mtu majini. Hilo walilijua kuliko majina ya wakwe zao. Kitu kikielea kikafanana na binadamu, walikuwa wameshakivuta juu kabla hujamaliza kupiga chafya. Mara moja waliokoa sanamu ya dukani iliyoanguka kutoka kwenye meli ya mizigo, wakaifunika blanketi, na fundi wa injini akaipigia kelele izinduke.

Katika mji huo aliishi Mama Magamba, mke wa Nahodha. Jina hilo alilipata bandani, mahali wanawake walipokaa kwenye meza ndefu za bati wakipara samaki na kuwatoa matumbo kuanzia boti zinapofika hadi samaki wanapokwisha. Magamba yalimganda nyusi, yakamganda nywele, yakamfuata hadi harusini kwa binti yake, ambako mpiga picha alimwomba asimame mbali kidogo na taa kwa sababu alikuwa anameremeta. Wengine wangenuna. Yeye alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa mtu wa hamsini na ushei, mabega mapana, mkono mwepesi wa kisu na mdomo mwepesi zaidi, na kila aliyetaka kupitisha siku bila kucheka alijitahidi kukaa meza nyingine.

Kuogelea kulimjia hivi hivi, hana hili wala lile. Kiangazi cha mwaka juzi joto lilizidi, bati la banda likawa kikaango, na baada ya kazi Mama Magamba akashuka ufukweni upande wa wageni, akaingia majini na nguo zake, taratibu, mpaka shingoni. Akasimama pale amefumba macho. Mara filimbi ikalia. Binti mmoja mlinzi wa waogeleaji alikuwa anamjia mbio, maji yanaruka huku na huku.

"Mama! Mama, uko salama? Unajua kuogelea?"

"Najua kusimama," akajibu Mama Magamba.

Binti akacheka, na mwenye kucheka na Mama Magamba alikuwa ameshanaswa. Kesho yake akamfundisha kulala chali juu ya maji. Mama Magamba alikataa, akalalamika, akamshika yule binti shingo karibu amnyonge, kisha akaachia. Masikio yakazama. Kelele za dunia zikakatika zote kwa pamoja, kisu, bati, mashine ya barafu, mashoga zake wanaobishana, zote. Juu kulikuwa na anga tu na yeye hakuwa na kazi yoyote ya kufanya. Alitoka pale akilia kwa furaha, akasema ni chumvi imemwingia machoni.

Tangu siku hiyo akawa mwizi. Kila asubuhi boti za mwisho zikichelewa, alichepuka. Na nani angemshuku? Katika kazi ile kurudi nyumbani umelowa si habari. Nahodha mwenyewe alimpa taulo mara nyingi akimpa pole ya kazi, naye akaipokea pole hiyo bila aibu. Viangazi viwili vikapita hivyo. Kutoka kuelea akajua kupiga mikono, kutoka kupiga mikono akajua kupumua ubavuni, na mwishoni akawa anazunguka ukuta wa mawe wa bandari na kurudi huku yule binti akimfuata kwa kimtumbwi chake cha plastiki.

Sasa mji ule ulikuwa na juma moja la michezo kila kiangazi, kwa ajili ya kuwachangamsha wageni na kuwapa wenyeji kitu cha kugombania. Mwenyekiti wa michezo alikuwa Kinyozi. Mtu mwembamba, suruali imepigwa pasi hadi inakata, na mwenye kipaza sauti ambacho mkewe alikuwa amekipiga marufuku nyumbani. Kulikuwa na kuvuta kamba, mpira wa mchangani wa akina baba wenye vitambi, na mashindano ya keki ambayo kila mwaka yalivunja urafiki wa watu wawili au watatu. Mwaka huu Kinyozi akaongeza la nne: kuogelea kutoka ngazi za gati, kulizunguka boya jekundu lililo nje ya bandari, na kurudi hadi mchangani. Wote wanakaribishwa, akatangaza, wageni na wenyeji. Neno "wenyeji" alilisema kwa adabu tu.

Mama Magamba akaingia kinyozini na aproni yake.

"Niandike."

"Mama, leo nanyoa wanaume."

"Niandike kwenye kuogelea."

Wembe ukasimama kwenye shavu la mteja. Kinyozi akamtazama, akatazama aproni. "Mama, huko nje ni mbali. Kule si kupara samaki."

"Ndiyo maana nakwenda. Kupara nimechoka. Andika, povu linamkaukia mwenzio."

Habari zikatoka mle dukani kabla yake. Alipofika bandani wenzake walikuwa wameshaweka visu chini. Mama Barafu, mwendesha mtambo wa barafu na shoga yake wa tangu utotoni, alikuwa amejishika kiuno.

"Wewe! Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na mimi nakwambia mpaka ndoto zangu! Mpaka ile ya mkwe wangu!" Mama Barafu alikasirika kwa muda wa kumaliza sentensi hiyo, kisha akamkumbatia, magamba na yote. Banda zima likalipuka kwa vifijo. Watu wakapiga visu kwenye bati. Wengine walisema atazama kama nanga, wengine wakasema akizama samaki watamkimbia kwa woga, wanamjua. Mama Magamba akapanda juu ya kreti. "Sikilizeni," akasema. "Sitaki kuwa wa kwanza. Sitaki kuwa wa kumi. Nataka kufika tu, kwa mikono yangu miwili hii, bila kushikwa na mtu. Nikifika, mniite mtakavyo. Nisipofika, nitawasafishia meza zote hadi mwisho wa kiangazi." Hapo hata waliokuwa wakimcheka wakaanza kumwombea.

Nahodha alizipata habari kwenye pampu ya mafuta, kutoka kwa fundi wake. Alirudi nyumbani akavua viatu mlangoni, akaja hadi jikoni, akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache na hayo machache aliyapiga foleni kwanza.

"Mama watoto. Nasikia unakwenda boyani."

"Umesikia vizuri."

"Kwa kuogelea."

"Kwa basi hakufikiki, baba watoto."

Hakucheka. Akavuta kiti, akakaa, akakizungusha kikombe kitupu mezani. "Mimi lile boya nalifahamu. Maji ya pale yana mkondo. Nimetoa watu pale."

"Najua. Mimi pia nimelizunguka, Jumanne."

Macho yakamtoka pima. Mwishoni akasema kama lazima aende, basi boti yake itakuwa nyuma yake, na kwa kweli Kinyozi alikuwa ameshaomba boti za kuwalinda waogeleaji, kwa hiyo hata kukataa hakungefaa. Mama Magamba akaifuta mikono, akakaa mbele yake.

"Nifuate. Nafurahi unifuate. Lakini usiniguse, hata kidole. Ukinigusa nimetolewa. Niahidi."

"Sikugusi," akasema Nahodha. Naye alikuwa mtu wa ahadi, na wakati huo alimaanisha kila herufi.

Siku ya siku ilipofika, mji mzima ulihamia gatini. Wageni walikuja na miavuli, wenyeji wakaja na kreti za kukalia, akina mama wa bandani wakaja na aproni zao kwa makusudi ili wajulikane wako upande gani. Mjukuu wake wa miaka sita alikaa mabegani kwa Mama Barafu, akipunga kofia ya mpira ya manjano iliyofanana na ya bibi yake. Kinyozi alikuwa amepanda pipa. "Mkono juu ni kuomba msaada!" akapiga kelele kipazani. "Atakayegusa boti ametoka! Atakayepandishwa botini ametoka!" Kisha akajitangaza mwenyewe mara mbili.

Mama Magamba alisimama ngazini kati ya vijana waliochongeka miili, wenye miwani ya bei na misuli hata masikioni. Yeye alivaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Alitaka kwenda haja. Alitaka kurudi nyumbani. Alitaka filimbi ilie sasa hivi, na ilipolia alisahau yote akajitupa.

Vijana walimpita kwa mateke na povu, kufumba na kufumbua akawa peke yake nyuma, na hilo lilikuwa sawa kabisa. Akaitafuta pumzi yake. Mkono, mkono, pumzi. Nyuma injini ya Nahodha ilinguruma polepole, kwa heshima. Akatoka nje ya ukuta wa mawe na maji yakabadilika, yakawa mazito na baridi, yakaanza kumsukuma pembeni kama binti alivyomwonya. Akalenga pembeni mwa boya, upande ule mkondo ulikotoka, ili maji yenyewe yamfikishe, na polepole lile boya likawa kubwa, likawa na kutu, likawa na ndege amesimama juu yake akimtazama kwa dharau. Akalizunguka! Akapiga ukelele majini, akanywa maji, akakohoa, akacheka.

Kurudi kulikuwa kazi. Mabega yakaanza kumuuma, goti likalalamika, mawimbi yakamziba macho. Lakini sasa alikuwa akienda nyumbani, na kila alipoinua kichwa gati ilikuwa karibu zaidi. Akaingia ndani ya ukuta. Maji yakatulia. Akasikia kelele, mwanzoni hakujua ni za nini, vijana wote walikuwa wameshafika na kujifuta. Zilikuwa zake. Watu walikuwa wanaimba jina lake, visu vilikuwa vinapigwa kwenye ndoo, na juu ya vichwa vyote aliona kitu kidogo cha manjano kikipungwa kama kimepagawa. "Bibi! Bibi! Bibi!"

Furaha ikampanda yote kwa mpigo, mwili mzima ukamsisimka. Akasimama wima majini, akainua mkono juu kadiri alivyoweza, akampungia mjukuu wake.

Nahodha aliona mkono.

Hakuna aliyetoa amri. Hakuna aliyefikiri. Mdogo wake, shemeji wa Mama Magamba, alikata usukani, fundi akazima injini, na Nahodha alikuwa ameshalala kifudifudi ukingoni mwa boti, mkono mmoja umemkamata kwapani na mwingine kiunoni mwa suruali. Mvuto mmoja tu. Mama Magamba aliruka kutoka majini akatua juu ya nyavu, katikati ya boti, na fundi wa injini akamtupia blanketi.

Gatini visu vikaacha kupigwa. Kinyozi akashusha kipaza sauti.

"Pumua!" Nahodha alikuwa akimpigia kelele, amemshika uso kwa mikono miwili. "Pumua, mke wangu, pumua!"

"Napumua!" akafoka Mama Magamba kutoka ndani ya blanketi. "Nilikuwa napumua vizuri mpaka uliponitoa! Nilikuwa nampungia mtoto! Baba watoto, umefanya nini? Umefanya nini wewe?"

Nahodha akaitazama mikono yake. Shemeji akageuka akaanza kukagua kamba ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mama Magamba alitazama mchanga ulivyokuwa karibu, karibu ya kutia uchungu. Viangazi viwili. Boya lile lote, mkondo ule wote, na sasa ameketi juu ya nyavu za mumewe, mahali ambapo samaki huketi.

Binti mlinzi akafika na kimtumbwi chake, sura imemwiva. "Mama, pole. Sheria ndiyo hiyo. Umetoka."

"Najua, mwanangu. Medali yenu iwekeni." Akalitupa blanketi. "Mimi nilisema nitafika. Sikusema nitapewa kitu." Akamgeukia mumewe. "Nirudishe uliponitoa."

"Nikurudishe?"

"Majini. Pale pale."

Katika maisha yake yote Nahodha alikuwa hajarudisha kitu baharini isipokuwa samaki wachanga. Alimtazama mkewe, akatazama pwani, na ndipo ule uvuvi wake ukamsaidia, maana watu wale hushika mahali baharini kwa kupanga vitu viwili vya nchi kavu kwenye mstari mmoja. "Mnara wa maji ulikuwa umekaa juu ya bomba la mtambo wa barafu," akasema kwa sauti ya kazini. "Na pembe ya gati ilikuwa kwenye mlango wa kinyozi. Rudi nyuma." Fundi akawasha injini, shemeji akarudi nyuma. "Zaidi." Akarudi zaidi. "Zaidi tena. Asije mtu akasema tumempunguzia hata kiganja."

Watu gatini hawakuelewa mara moja. Mama Barafu ndiye aliyeelewa. "Wanamrudisha!" akapiga kelele. "Jamani, wanamrudisha!" Na kelele iliyopanda hapo iliwatoa ndege wote kwenye paa la banda.

Mama Magamba akakaa ukingoni, miguu nje. Nahodha alimshika kifundo cha mkono ili amteremshe polepole. Akashuka hadi kiunoni, akashuka hadi kifuani. Akasubiri. Mkono wa mumewe haukuachia.

"Niachie, baba watoto."

"Naachia," akasema, na vidole havikufunguka. Alivitazama kama si vyake. Vilikuwa vimejua kazi moja tu maisha yote, na kazi hiyo ilikuwa ya kushika. Alikuwa akitokwa na jasho. "Naachia," akarudia.

"Kidole kimoja kimoja," akasema mkewe kwa upole.

Akaanza na kidole kidogo.

Mama Magamba alipoondoka, mji uliona kitu ambacho bado unakisimulia: mwanamke wa bandani anaogelea pole pole kuelekea mchangani, na nyuma yake boti ya uvuvi imezima injini, wanaume watatu wanapiga makasia kimya kimya ili wasimtie mawimbi. Aligusa mchanga kwa magoti. Akataka kusimama kwa heshima, akaanguka, akafika kwa kutambaa, na hakuna aliyejali. Akina mama wa bandani waliingia majini na viatu vyao. Mjukuu alimrukia shingoni. Kinyozi akapanda pipa akatangaza kwamba kwa mujibu wa kanuni mshiriki huyu hahesabiki, na watu wakampigia kelele mpaka akakubali kutangaza vilevile kwamba, kanuni kando, mshiriki huyu amefika. Neno "amefika" lilirudiwa na gati nzima, na Mama Magamba, aliyejiapiza hatalia mbele za watu, alilia kwa sauti kubwa kuliko kipaza.

Jioni nyumba ilijaa watu, kisha ikapungua, kisha wakabaki wawili jikoni, mlango wa nyuma wazi kwa joto. Mabega ya Mama Magamba yalikuwa hayanyanyuki. Nahodha alikaa na kikombe chake, safari hii chenye chai, wala hakuinywa.

"Nilikuahidi," akasema.

"Uliahidi, ukavunja, ukanirudisha. Yamekwisha. Kunywa chai."

"Si hilo." Akakisogeza kikombe. Maneno yakachelewa kwenye foleni yao. "Ulipozunguka boya sikukuona. Wimbi lilikuficha. Kidogo tu. Nikawa nimesimama kwenye boti na sina la kufanya. Sijawahi kusimama hivyo. Mimi ndiye huwa nakwenda."

Mama Magamba alimtazama.

"Wewe huwa unafanyaje?" akauliza Nahodha.

"Nafanyaje lini?"

"Nikienda. Bahari ikichafuka, usiponiona. Unafanyaje?"

Miaka yote hiyo alikuwa hajaulizwa. Akafikiri, akatazama sinki, rafu, sufuria zilizopangwa kwa ukubwa.

"Naosha vyombo," akasema. "Nikimaliza, naviosha tena."